Seti ya Fundi

Asubuhi hiyo nilikuwa kibarazani nachambua mchele, huku namsema jirani moyoni kwa shuka alizoanika, nusu nyeupe nusu majuto. Siku ya kawaida kabisa. Mjukuu wangu akatoka ndani na gunia la vitu vya marehemu babu yake, akaanza kuyapiga picha mabuti, moja moja, kama yanaombewa pasi ya kusafiria.

Nikamuuliza, mke mwenzangu, umeishiwa wanaume wa kupiga picha?

Namwita mke mwenza tangu hajajua kutembea, maana babu yake alikuwa akimtania kuwa ndiye bibi mdogo. Akacheka, akanieleza. Kuna mchezo wa kompyuta wa mashujaa na majoka, ambao wenyewe wameuacha wazi ili anayetaka aongeze vyake. Yeye alikuwa anaongeza seti ya mavazi, vipande vinavyolingana. Ukivaa viwili unapata nyongeza, ukivaa vitatu unapata kubwa zaidi, ukikamilisha seti unapata kubwa kuliko zote. Nyongeza anaiandika mwenyewe. Kuna pia nafasi ya kujaza jina la mwenye seti. Wengine hujaza mfalme wa kubuni. Yeye akajaza babu yake, majina yote matatu, kama yalivyo kaburini.

Babu yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtungi wa gesi ulimlipukia karakanani, huko nyuma ya nyumba yetu, miaka tisa iliyopita. Tuliokota mabuti, aproni ya ngozi na glavu. Kinyago chake cha kuchomelea hakikuonekana. Alikuwa mbishi yule, hata kufa alikufa kwa kelele.

Siku hiyo ya picha, mjukuu akaingiza mchezoni mabuti na aproni. Akaandika: mvaaji hasukumiki. Mchana nikapita na beseni, nikampiga kumbo kwa utani. Mimi ni mwanamke mpana. Nikarudi nyuma hatua mbili. Yeye hakutikisika hata kidogo, na wala hakuwa amejizuia.

Kesho yake akaingiza glavu: mvaaji haungui. Adhuhuri akaipua sufuria bila kitambaa. Akaibeba taratibu mpaka mezani, akiniuliza kama chumvi inatosha. Alipoiachia, ngozi ya kiganja ilibaki kwenye sufuria.

Akaitazama kama mtu anayetazama nguo za watu wengine.

Daktari alimdunga sindano kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Hakusikia kitu. Akaandikiwa dawa ya kupaka. Daktari asiyejua huandika dawa ya kupaka.

Nikamwambia avifute mchezoni. Alivifuta mbele yangu, vyote vitatu, akazima, akawasha. Shujaa wake kwenye kioo cha kompyuta alikuwa bado amevivaa. Na ganzi ilikuwa inapanda. Jumatatu ilifika begani. Jumatano alinijia jikoni, uso mkavu.

"Bibi, nimeweka mkono usio na ganzi kifuani kwangu. Kisha nimeuweka kifuani kwako ulipokuwa umelala. Moyo wako nimeusikia."

Nikazima jiko, nikamketisha.

Njia aliyoiona ilikuwa moja. Nyongeza ya seti kamili alikuwa hajaiandika, aliiacha tupu akisubiri wazo zuri. Sasa ataandika: mvaaji anavua vyote. Kisha atakamilisha seti, na mchezo wenyewe utamvua. Kilikosekana kinyago tu. Atakichora kwa kubuni, kwa sababu babu yake alipokufa yeye alikuwa mdogo, na kinyago hakumbuki kukiona.

Alichora saa za alasiri, jua likiwa limejaa dirishani. Nilisimama nyuma yake. Kalamu ilikwenda bila kusita. Akachora kioo cheusi. Akachora mkanda. Kwenye mkanda akachora mshono wa waya wa buluu, mizunguko saba.

Mshono ule niliushona mimi. Hakuna aliyeujua ila mimi na yule mzee.

"Acha," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nimeshaacha, bibi. Mkono haujaacha."

Kinyago kikaingia. Vipande vinne kati ya vinne. Tukatazama mstari alioandika. Herufi zilikuwa zingine. Nikavaa miwani, maana bila miwani sioni herufi, nikazisoma kwa kidole, moja moja, kwa elimu yangu ya kubahatisha.

Mvaaji anarudi kazini.

Akainuka. Hakuwa na viatu. Kwenye sakafu zilisikika hatua za mabuti. Nikamshika kwa mikono miwili, nikaburutwa hadi uani. Akaingia karakanani. Mlango ukafungwa. Chini ya mlango ukatoka mwanga wa buluu, mkali, wa kukatika katika.

Nilimwita kwa jina lake. Kisha nikamwita yule mzee. Mwanga ukazimika kidogo, kama mtu aliyesikia. Ukaendelea.

Mafundi wa jirani walikuta mlango umechomelewa kwa ndani, pande zote nne. Waliukata kwa msumeno wa umeme. Ndani hapakuwa na mtu. Vumbi la miaka tisa sakafuni, bila unyayo hata mmoja. Mshono wa mlango ulikuwa bado moto.

Mama yake amekuja, amelia, ameondoka. Hasemi na mimi.

Jana nilifuta vumbi kwenye kompyuta. Ikawaka yenyewe. Orodha ya seti imeongezeka. Sasa inasema vipande vinne kati ya vitano. Cha tano hakina picha bado, kina jina tu: miwani ya bibi.

Nikaivua miwani, nikaitupa chooni.

Bado naona kila herufi.