Tairi la Bibi Notburga

Jua lilikuwa limeshaligusa ziwa, na Nazari bado alikuwa chini ya lori la marehemu Henry, akitukana kimoyomoyo. Kazi iliyomleta Liuli ilikuwa ndogo tu: afungue dramu mbili zilizoganda, vile vifuniko vya chuma vya breki za nyuma, lori livutwe hadi Mbinga likatengenezwe, kisha libebe kahawa. Ya kwanza ilikuwa imetoka mapema kwa kugongwa kidogo. Ya pili, loo! Kadiri alivyohangaika nayo ndivyo ilivyozidi kung'ang'ania.

Na watu walikuwa wamejaa uani. Hicho ndicho kilichomuuma. Tangu ashuke kwenye basi alikuwa akijitapa kwamba hakuna gari lililowahi kumshinda.

"Vipi fundi, tukutandikie ulale huko huko chini?" alisema Aidan, mvuvi mmoja asiyejua kufunga mdomo. Watu wakaangua kicheko.

Pembeni alikaa Bibi Notburga, mama mzazi wa Henry. Tangu mwanawe afe, kila jioni aliliegemea tairi la upande wa dramu hiyo ya pili na kumsimulia marehemu habari za siku: dagaa wa usipa wamepatikana, mvua imekataa, mihogo imeliwa na nguruwe. Hata leo, tairi lilipofunguliwa na kuegemezwa ukutani, alilifuata huko huko. Asubuhi Nazari alimwamkia shikamoo, naye akampisha kwenye kigoda chake mwenyewe.

Kicheko kile kilimchanganya Nazari. Akatoka chini ya lori, akatupa spana.

"Hili gari si bovu. Limefungwa! Na aliyelifunga haongei na watu, anaongea na tairi."

Macho yote yakamgeukia bibi. Yaliyokuwa yakinong'onwa kisimani, kwamba bibi ni mchawi, sasa yalikuwa yametamkwa na fundi kutoka mjini. Asteria, mjane wa Henry, alikuwa akilitegemea lori hilo kulisha wanawe. Akamsogelea mama mkwe wake.

"Mama... toka kwangu. Nenda kwa ndugu zako Tingi. Leo hii."

Bibi hakubisha. Alijaribu kuinuka akashindwa, akalishika tairi ndipo akasimama. "Nimemzaa mwenyewe," alisema, basi. Wakampandisha bodaboda na kifurushi chake cha nguo, na watu wakaifuata kwa nyuma hadi barabarani.

Nazari akabaki peke yake. Akaingia tena chini, akamulika kwa simu kwenye tundu la nyuma ya dramu, penye kile kigurudumu cha meno kinachobana na kulegeza breki.

Akaganda.

Upande mmoja wa gari kinalegezwa kwa kuzungushwa juu. Upande wa pili, chini. Hata aliyeanza gereji jana anajua. Na yeye, kwa papara za kujionyesha, kutwa nzima alikizungusha kama kile cha kwanza. Jamani! Alikuwa akiibana breki kwa mkono wake mwenyewe.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Mlio wa bodaboda bado ulisikika. Angepiga kelele, wangesimama. Alifungua mdomo... akaufunga. Wangemcheka mpaka kufa.

Akakizungusha upande sahihi. Polepole. Kimyakimya, kama mwizi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mkono ukasimama. Mlio ulitoka ndani ya dramu. Kisha harufu... breki zilizoungua, harufu ya lori lililoteremka mlima sasa hivi. Na lori hili halijasogea tangu Henry azikwe. Aliigusa dramu. Ilikuwa ya moto.

"Waambie," sauti ya mwanaume ilinong'ona, karibu kabisa na sikio lake.

Dramu ikateleza yenyewe, ikaanguka chini kwa kishindo. Ndani yake, kwenye vumbi jeusi la breki, palikuwa na alama ya kiganja. Mbichi.

Kishindo kikawarudisha watu mbio.

"Imetoka!" Aidan alipiga kelele. "Bibi kaondoka, gari limefunguka! Mmeona wenyewe?"

Vigelegele vikapasuka. Asteria akamshika Nazari mikono yote miwili, machozi yakimtoka. "Umetuokoa, fundi. Mungu akubariki."

Nazari akatazama chini. Maneno yalifika kooni, akayameza, akatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma kuliko dramu.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akalizungusha tairi kwa kidole kimoja. Likazunguka bila tabu. Lori likashushwa, trekta lililoletwa kulivuta likafungwa kamba, likavuta.

Matairi mengine yalizunguka. Lile halikuzunguka. Likaburuzika, likachimba mfereji mchangani, likagoma kabisa.

Ngo. Ngo. Ngo.

Safari hii walisikia wote. Vigelegele vikakatika. Asteria akarudi nyuma taratibu, mkono mdomoni.

"Fundi," alinong'ona, "mama tumeshamfukuza. Sasa nani amelifunga?"

Nazari akaificha mikono yake yenye grisi mgongoni.