Jokofu la Ng'ambo

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiroboto alimshika Bibi mkono wakavuka mpaka. Jina hilo alipewa na Bibi mwenyewe, kwa kuwa mtoto huyo hatulii hata akilala. Askari aliwazoea, akawainulia kizuizi bila kuuliza kitu. Hatua chache mbele, katika nchi ya pili, ndipo ilipokuwa zahanati ya karibu. Dawa ya sindano ya kisukari ya Bibi ilihifadhiwa humo, ndani ya jokofu.

Siku hiyo muuguzi aliwapokea kwa uso uliokunjamana.

"Bibi, jokofu limeungua. Dawa nimeziweka kwenye barafu, lakini barafu haitatufikisha mbali. Watu wa huku wamechanga pesa, hazijatosha. Nanyi wa ng'ambo mkitushika mkono, tutanunua jingine. La sivyo, dawa zitarudishwa mjini."

Mjini ni safari ya kutwa kwa basi. Bibi, na miguu yake ile iliyovimba, asingeiweza. Kiroboto alijua hivyo, na baada ya shule akakimbia kumweleza Mama.

Jioni Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alimkabidhi kopo la mchango. "Zunguka mtaa wetu. Usisahau kusalimia kwanza."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi viatu.

"Shikamoo, babu. Tunachangia jokofu la zahanati ya ng'ambo."

"Marahaba. Jokofu la nchi nyingine? Kwani wao hawana serikali? Kesho watataka tukawapakie na rangi kuta zao!"

Kiroboto hakungoja zaidi. Alitoka mbio, masikio yakimwaka. Ikiwa babu huyu anayemjua tangu kuzaliwa amesema hivyo, wengine je? Alizunguka mtaa mara mbili bila kubisha hodi popote, kisha akarudi nyumbani.

"Wamekataa wote," alisema.

Mama aliifuta cherehani yake polepole, akaifunika kitambaa. "Basi kesho naiuza. Mama yangu hawezi kukosa dawa."

Kiroboto alikaa, akasimama, akakaa tena. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha. Machozi yakamtoka. "Mama, nilibisha mlango mmoja tu."

Mama alimkazia macho. "Utabisha yote. Na mimi nyuma yako."

Muuza nyama alitoa kabla hawajamaliza kueleza. "Mapacha wangu walizaliwa kule! Mbona mlinificha?" Kinyozi akatoa, na mteja wake aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akatoa pia. Fundi viatu walimkuta barazani, noti mkononi.

"We mtoto, ulikimbilia wapi? Mie natafuta pesa chini ya godoro, narudi, hupo!"

"Lakini ulilalamika, babu."

"Mie hulalamika kwanza, ndipo nitoe. Muulize mke wangu!"

Jokofu jipya lilipowashwa, watu wa pande zote mbili walijaa mlangoni. Bibi alichomwa sindano yake, na Kiroboto akashusha pumzi.

Mama akamshika bega. "Umeona? Maradhi hayajui mpaka, na watu wengi wako tayari kubebeana mzigo. Ila wewe, mwanangu, usimjibie tena mtu ambaye hujamuuliza."