Chiriku Mbele ya Shuka Jeupe

Katika nyumba ya fundi cherehani, kazi ya kutunga uzi ilikuwa ya Chiriku. Huyu alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka tisa, na jina hilo alilipata kwa wingi wa maneno. Mama, ndiye fundi mwenyewe, akiita, "Chiriku, sindano!" mtoto anakuja mbio. Anaisogeza sindano karibu na pua, na uzi unapita mara moja.

"Ana macho ya mwewe huyu," mama alijisifu mbele ya wateja.

Shuleni mambo yalikuwa kinyume. Madaftari ya Chiriku yalijaa alama nyekundu. Hesabu za kuambiwa kwa mdomo alizipata. Zilizoandikwa ubaoni alizikosa.

"Ni uvivu," alisema baba yake, ambaye alikuwa seremala. "Mtoto mwenye ulimi mwepesi namna hii hawezi kukosa akili. Anacheza tu."

"Sichezi, baba."

"Basi darasani unafanya nini?"

Chiriku akainamisha kichwa. Alidhani watu wote wanaona kama anavyoona yeye.

Ijumaa moja shule iliwaalika wazazi kutazama filamu. Madirisha ya darasa kubwa yalizibwa kwa mablanketi ili kupata giza mchana. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani.

Ilikuwa hadithi ya shule ya kijijini, watoto maskini na walimu wao. Watoto walikalia matofali. Paa lilivuja. Mafuriko yalipobomoa daraja, mwalimu mmoja aliwabeba watoto mgongoni, mmoja mmoja, akawavusha mto. Watu walitazama kimya. Baba alijifuta macho, akasingizia vumbi.

"Unawaona wenzako?" akamnong'oneza Chiriku. "Hawana hata dawati, na wanasoma!"

Mwalimu wa kwenye filamu, nguo zikimchuruzika maji, akachukua chaki na kuandika ubaoni. Watoto wote darasani wakasoma kwa sauti: "Leo aliyelowa kuliko wote ni mwalimu!" Wakaangua kicheko.

Chiriku hakucheka. "Mama, wamesoma wapi hayo?"

"Si hapo mbele? Tazama!"

Mtoto akainuka. Akapita katikati ya mabenchi mpaka pua yake ikakaribia kugusa shuka. Kivuli cha kichwa chake kikameza mwalimu, ubao na watoto.

"Toka mbele!" watu wakapiga kelele. "Kichwa chako si kioo!"

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Akakimbilia mbele kumvuta binti yake. Lakini mwalimu wa darasa, mama mmoja mpole, alimwahi. Akasimamisha filamu na kuchuchumaa mbele ya mtoto.

"Chiriku, pale ulipokaa ulikuwa unaona nini?"

"Rangi, Mwalimu. Na watu wasio na nyuso."

"Na ubao wetu wa kila siku?"

"Naona ukungu. Namtazama jirani yangu anaandika nini. Akikosa, nami nakosa."

Mwalimu akashusha pumzi. Akamkalisha Chiriku sakafuni, mbele kabisa, na filamu ikaendelea mpaka mwisho. Watu walipotawanyika, aliwaomba wazazi wake wabaki.

"Mtoto huyu si mvivu," alisema. "Haoni mbali."

"Haiwezekani, Mwalimu," mama akakataa. "Ananitungia uzi kila siku!"

"Sindano iko karibu, mama. Ubao uko mbali. Kuna macho yanayoona vizuri karibu, lakini vitu vya mbali yanaviona kama vimefunikwa. Na mtoto hasemi, kwa sababu hajui kuna kuona kwingine. Niambie, anakunja uso akitazama mbali? Anashika kitabu karibu sana?"

"Vyote hivyo," mama akajibu polepole. "Nilidhani ni mazoea."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Mpelekeni kituo cha afya. Msingoje."

Wiki iliyofuata wakaenda. Mtaalamu wa macho alimsimamisha Chiriku mbali na bango lenye herufi E, kubwa na ndogo, zimegeuzwa huku na huku. Akamfunika jicho moja, kisha la pili.

"Nionyeshe kwa mkono. Miguu ya herufi inaelekea wapi?"

Ile kubwa Chiriku aliiweza. Ndogo alibahatisha. Mtaalamu akamwekea vioo vya kupimia, akabadilisha kimoja baada ya kingine. Mkono wa Chiriku ukaanza kuonyesha bila kusita: juu, kushoto, chini!

Baba hakutulia. "Miwani si ya wazee? Akianza mapema hivi, macho hayatazidi kuharibika?"

"Miwani haiharibu macho, baba. Kinachomharibia masomo ni kukaa bila miwani."

"Basi tumepona," mama akasema. "Kabatini ipo miwani ya bibi yake."

Mtaalamu akacheka. "Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona nguo."

"Gauni ulilompimia bibi, utamvika mtoto huyu?"

"Ala! Si litamburura?"

"Miwani ni vivyo hivyo. Kila jicho na kipimo chake. Na kwa kuwa anakua, mrudishe kila mwaka apimwe tena."

Siku ya kuchukua miwani, Chiriku alisimama kwenye ngazi za kituo, akanyamaza. Jambo hilo lilikuwa geni kwake. Kisha maneno yakamfumuka.

"Mama, yule mtu ng'ambo ya barabara ana masharubu! Na lile bango limeandikwa, 'Hapa si mahali pa baiskeli.' Baba, si baiskeli yako ile?"

Baba akaiendea mbio baiskeli yake huku akicheka. Aliporudi nayo, kicheko kilikuwa kimekwisha. Akamshika binti yake begani.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mvivu, kumbe ulikuwa unafanya kazi mara mbili ya wenzako."

Mwalimu naye hakuishia kwa Chiriku. Alimwomba baba achonge fremu ya kutundikia bango la herufi, akamwita mtaalamu shuleni, na watoto wote wakapimwa. Wengine kadhaa walikutwa hawaoni mbali, akiwemo yule jirani wa Chiriku.

Muhula ulipokaribia kwisha, mama alipeleka sare shuleni. Akapita kando ya darasa, akachungulia dirishani. Chiriku alikuwa mstari wa nyuma kabisa, miwani usoni, mkono juu.

"Sema, Chiriku," mwalimu akamruhusu.

"Mwalimu, sentensi ya mwisho haina nukta."

Darasa zima likageukia ubao. Mwalimu akaisogelea sentensi, akaitazama vizuri, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akachukua chaki, akaiweka nukta mahali pake.