Ufito wa Amne

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kicheko cha Hajira. Alikuwa anaosha koleo kwenye ndoo, huku baba yake, Rehani, akisawazisha zege la mtaro wa nne kwa kipande cha ubao.

"Baba, ugali wako umeiva?"

"Bado. Ukiiva tutakula wote."

"Mimi sili ugali wa kokoto. Kula na mchwa wako."

Rehani alitabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi tangu afiwe na mkewe, Amne, mama yake Hajira. Mwaka huo wa 1974 walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya karibu na Mkata, na mchwa wa huko walimaliza nguzo za ghala kabla mahindi hayajakauka. Rehani aliwahi kubeba zege kwenye ujenzi wa kituo cha umeme kule Hale, kwa hiyo msingi wa ghala hili aliumwaga mwenyewe: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Asubuhi mitaro mitatu ilikuwa imeshika. Wa nne, wa upande wa kibla, ulikuwa laini kama uji, nao ulinuka kafuri, ile ya kupaka maiti.

Alijiambia kwamba alizidisha maji. Asubuhi ya pili palikuwa na alama kwenye zege: bega, nyonga, kisigino. Ilikuwa kama ya mtu aliyelazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Rehani aliifuta kwa ubao, asimwambie mtu.

Sababu aliijua. Siku ya mazishi mwili hupimwa kwa ufito ili kaburi lichimbwe sawa, kisha ufito huo hufukiwa pamoja na maiti. Ule wa Amne, Rehani hakuufukia; aliuficha kwenye paa, abaki na kitu chake. Walipohama aliubeba pamoja na fito nyingine, na alipokosa futikamba ya kupimia ghala, akauchukua huo. Upana, ufito mmoja. Ukisimamishwa chini ulimfika yeye begani, na Hajira utosini, maana msichana sasa alikuwa na kimo kilekile cha mama yake.

Hajira akaanza kusinzia mchana. Kwenye kucha zake kukaonekana saruji.

"Unachezea zege?"

"Zege gani, baba?"

Siku ya nne, jua likiwa la utosi na kijiji kizima kiko kwenye shamba la ujamaa, Rehani alirudi nyumbani kuchukua jembe, akakuta mlango wazi, chungu kinaungua jikoni, kuku wamejibanza kivulini bila hata mmoja kulia, na harufu ya kafuri imetanda uani, nzito kiasi kwamba aliionja ulimini, akaifuata akizunguka nyumba, akijua inakompeleka na bado akiomba iwe kwingine, mpaka mtaroni, ambako Hajira alikuwa amelala ubavu wa kulia, utosi umegusa mwisho huu na nyayo mwisho ule, pasibaki nafasi ya hata kidole, na zege lilikuwa linapanda taratibu kuelekea sikioni mwake.

Midomo ya msichana haikutikisika. Sauti ilitoka chini yake. Ilikuwa ya Amne, ile ya kumwita chakula kikiwa tayari.

"Baba Hajira."

Mama yake Rehani alimfundisha tangu utotoni: ukiitwa adhuhuri na usiyemwona, usiitike, maana aitikaye ndiye achukuliwaye. Lakini sauti hiyo hakuwa ameisikia kwa miezi kumi na mmoja.

"Naam," alisema.

Zege likamwachia mtoto.

Bi Fatu, mganga wa Mkata, alifika kabla ya alasiri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulipimia nini?"

Rehani akautoa ufito. Bi Fatu hakuugusa.

"Wewe mwanaume! Umemchimbia mtu kaburi, halafu unaliita ghala."

"Nilidhani ni ufito tu."

"Hukudhani." Akashusha sauti. "Kaburi likishapimwa linamtaka wa kipimo chake. Na aliyemo humo si mkeo, ni jini aliyevaa sauti yake. Kesho alfajiri nenda mahame, uuvunje, uufukie kwa mkeo. Jini ataondoka. Ila niambie, alikuita?"

"Aliita."

"Ukaitika?"

Hajira alikuwa anamtazama, nywele bado zina saruji.

"Sikuitika," alisema Rehani.

"Basi tumepona."

Alfajiri alitembea hadi mahame, kijiji walichokiacha walipohamishwa. Kaburi la Amne lilikuwa limeota nyasi. Kabla ya kuuvunja ufito, aliusimamisha chini, kando yake.

Sasa ulimfika utosini.

Aliupima mara ya pili. Kisha akauvunja vipande vitatu, kama alivyoagizwa, akavifukia, akarudi nyumbani bila kupumzika njiani. Alimwita Hajira uani, akamkabidhi koleo.

"Saruji ngapi?"

"Moja, baba."

"Mchanga?"

"Mbili. Kokoto nne. Lakini kwa nini unanifundisha mimi?"

"Na maji usizidishe," alisema Rehani. "Rudia."