Dobi Asiyekunywa Maji

Kila siku baada ya masomo, Kola alipita nyumbani, akavua viatu vya shule, akala, kisha akabeba bakuli la chakula cha baba na chupa kubwa ya maji. Wenzake walimwita Kola kwa sababu kola ya shati lake la shule ilisimama wima siku zote. Haikuwa ajabu. Baba yake alikuwa dobi.

Banda lake lilikuwa la mabati, dogo, linatosha meza moja na kamba ya kutundikia nguo. Baba alipiga pasi ya mkaa akiwa amesimama tangu asubuhi. Shati likiwa kavu mno, alilinyunyizia maji kwa kopo lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Upande wa pili wa ukuta alikaa fundi viatu.

"Karibu, mkaguzi!" fundi viatu alimtania Kola. "Leo umekuja kukagua chakula au kutukagua sisi?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwambie baba yako akae kidogo. Anasimama kama nguzo ya umeme."

Kola alimpa baba chupa. Baba akaifungua, akamimina maji yote kwenye kopo la kunyunyizia. Hakunywa hata tone.

"Baba, hayo ni ya kunywa."

"Nikinywa nitakwenda chooni, mama," baba alisema kwa sauti ya chini. Alipenda kumwita binti yake mama. "Choo kiko kule sokoni. Nikifika, nasimama weee, mkojo hautoki. Nikirudi nakuta wateja wameondoka." Akajishika kiuno. "Ni kiuno tu hiki. Hata babu yako alikuwa nacho. Usimwambie mama yako, atakosa raha."

Jioni mama aliuliza, "Baba yako amemaliza maji?"

"Chupa ni tupu, mama."

Mama alimshukuru Mungu, akaendelea kuosha sufuria. Kola alingoja aone aibu. Aibu haikuja. Alijihisi kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi. Unaushika, unajua ni wako, lakini hausikii kitu. Kesho yake alijibu vilevile, na kesho kutwa. Shule zikafungwa kwa likizo, naye akaendelea kujibu hivyo hivyo.

Siku moja alikuja Mhasibu. Alikuwa mteja wa zamani, mtu wa ofisi kubwa na mashati meupe, lakini alikuwa hajaonekana kwa miezi mitatu.

"Mhasibu!" fundi viatu aliita. "Tulidhani umenunua mashine ya kufulia, ukatutupa."

"Nilikuwa naumwa. Walinikuta na saratani ya tezi dume."

Nyundo ya fundi viatu ikanyamaza. "Pole sana, mzee. Lakini si ndiyo magonjwa yenu wakubwa hayo? Viti vya kuzunguka, vyakula vya friji. Sisi huku yetu ni kiuno na mafua."

Mhasibu hakucheka. "Mimi sikuumwa popote. Kazini kwetu wanaume tuliovuka umri fulani tunapimwa damu kila mwaka, na ofisi ndiyo inayolipa. Wakaiona ingali ndogo. Daktari akaniuliza kama naamka usiku mara kwa mara, kama mkojo unatoka kwa shida, kama kiuno kinauma. Nikasema hapana. Akaniambia nimshukuru Mungu, maana wengi huja wakiwa na hayo yote."

Harufu ya kuungua ikajaa bandani. Pasi ilikuwa imetulia juu ya shati jeupe la Mhasibu, na baba bado ameishika, anamtazama Mhasibu bila kupepesa macho. Kola hakuwahi kumwona baba akiunguza nguo ya mtu. Baba alipoinua pasi, alama ya kahawia ilibaki mgongoni mwa shati.

"Nisamehe, bosi. Nitakutafutia jingine."

"Achana na shati." Mhasibu aliutazama mkono wa baba uliokuwa umeshika kiuno. "Nenda ukapime, dobi."

"Nitakwenda," baba alisema, kwa sauti ya mtu asiyekwenda.

Jioni ile mama aliuliza kama kawaida. Kola aliiweka chupa chini.

"Hanywi, mama. Ananyunyizia nguo. Nimekudanganya siku zote hizi."

Akasema yote, ya choo, ya kiuno, ya shati, kwa sauti moja tu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mama aliketi. Hakupiga kelele. Akasema, "Kesho banda halifunguliwi."

Asubuhi baba alifoka. "Wateja watahamia kwingine!"

"Wahamie," mama alisema. "Vaa kofia twende."

Hospitalini wote watatu walikaa kwenye benchi hadi mchana ndipo wakaitwa. Daktari alimwuliza baba maswali mengi, akiandika.

"Mzazi wako wa kiume yu hai?"

"Alishafariki."

"Aliumwa nini?"

"Kiuno."

"Nani alimpima?"

Baba alimtazama mama. Mama alitazama sakafu.

"Hakuna," baba alisema.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mzee, kwenye daftari langu watu wa maofisini ni wengi, kwa sababu wao ndio wanaopimwa. Watu wakiona hivyo wanasema ni ugonjwa wa wenye uwezo. Wapagazi, mafundi na madobi nao wanaupata, ila wanaletwa wakiwa hawawezi tena kutembea. Na ambaye baba yake aliugua ugonjwa huu, hatari yake ni kubwa zaidi. Inawezekana babu wa huyu binti alikuwa nao, hamkuambiwa tu. Huenda wewe huna, dalili hizi zina sababu nyingi. Tupime tujue."

Walipima damu. Wiki zilizofuata wakachukua kinyama kidogo cha tezi dume wakakipima nacho. Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani, tena kubwa kuliko ile ya Mhasibu, lakini ilikuwa haijafika kwenye mifupa. Daktari alisema inatibika. Baba aliikunja karatasi ya majibu taratibu, pembe kwa pembe, kama anakunja shati la mteja. Kola aliporudi nyumbani aliosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Baba alisubiri zamu yake, akafanyiwa upasuaji. Mama alishika pasi, Kola akanyunyizia. Wateja wengine walihama, wengine wakabaki. Miezi ikapita, na baba akarudi bandani, amekonda, anafanya kazi huku ameketi kwenye stuli.

Siku ya kwanza alimwita Kola karibu.

"Mama, nilikosa mara mbili. Nilificha maumivu nikiogopa kupoteza wateja. Halafu nikakutwisha wewe siri yangu. Mtu mzima akikwambia ufiche jambo linalomdhuru, usilifiche. Mwambie mtu anayeweza kumsaidia. Huko si kumsaliti. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunasema mengine."

"Ndiyo, baba."

Kisha baba akagonga ukuta. "Fundi! Una miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili, ukiondoa siku za mvua."

"Nenda kapime damu leo."

"Leo? Kuna mtu anakuja kuchukua viatu saa nane."

"Vilete hapa, nitampa mimi."

Fundi viatu alikuna kichwa. "Wanachoma sindano?"

"Moja."

"Kubwa?"

"Fundi!"

Fundi viatu alivua aproni yake akaitundika. Alisimama mlangoni, haendi wala harudi. Kola akainuka.

"Nitakusindikiza, baba mdogo."

Walitembea mpaka kwenye kona, ambako banda halionekani tena. Hapo machozi yalianza kumtoka Kola, yote ya miezi ile, na hakuyafuta. Fundi viatu hakumtania. Alipunguza mwendo, wakaenda sambamba hadi kwenye geti la hospitali.