Mgeni wa Ukuta, ya Pili

Mauwa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Bibiche, binti yake wa miaka kumi na tisa, alikuwa anakaanga samaki. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za kambi ya askari na moshi wa makaa ulikuwa umetanda chini chini. Mikono ilimuuma Mauwa tangu asubuhi, lakini sombe haiwezi kujitwanga.

Jeannine, jirani yao, aliingia bila kubisha. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yule kijana Manassé alipanda kwenye tangi la maji, akafika juu, kisha akaendelea kutembea. Hakuruka. Alitembea kama mtu anayeshuka ngazi. Miguu yote miwili imevunjika, naye amelala pale chini anaiangalia, hata machozi hana.

"Juzi Kabedi na yule nyoka," Jeannine alisema. "Leo Manassé."

Mauwa aliacha mchi. Kabedi alikuwa amemkuta nyoka chooni, akamshika shingoni kama mtu anayeokota kamba. Mpaka leo mkono wake ni mweusi hadi kwenye kiwiko. Wote waliosikia walisema ni ujinga wa vijana.

Aligeuka kumtazama binti yake.

Bibiche alikuwa anageuza samaki kwa vidole. Ndani ya mafuta. Mafuta yalikuwa yanachemka.

Mauwa alimvuta, akauzamisha ule mkono kwenye beseni la maji.

"Haiumi?"

"Inauma, mama."

"Juu ya nini hautoi mukono?"

Bibiche alifikiri kidogo. "Inauma tu," alisema.

Harufu ya ngozi iliyoungua ilikuwa imechanganyika na ya samaki. Mauwa alimfunga mkono kwa kitambaa safi, akamwomba Jeannine akae naye na asimwachie kisu wala moto. Kisha akavaa kandambili. Alijua pa kwenda. Kabedi, Manassé na Bibiche walikuwa na jambo moja tu pamoja.

Sali ya Kalala.

Kalala alikuwa na chumba cha michezo ya video pale sokoni mwa kambi, televisheni mbili na mashine moja, pazia jeusi mlangoni. Miaka miwili nyuma alileta mchezo wa *Mgeni wa Ukuta*, uliotokana na zile filamu tatu ambazo kila mtu alikuwa ameziangalia kwenye simu. Vijana waliupenda mpaka wakaogopa kwenda chooni peke yao. Mwaka huu ikatoka ya pili. Watu wa Ulaya waliichambua kwenye mtandao wakaipa nne juu ya kumi, na Bibiche, ambaye alisoma Kifaransa vizuri, aliwatafsiria wenzake kwenye kundi la simu. Picha nzuri, walisema. Haitishi.

Kisha kila mmoja akatuma maoni yake kwenye kundi kwa ujumbe wa sauti. Manassé alisema mama yake akikosa chumvi anatisha kuliko huyo Mgeni. Kabedi alisema alisinzia. Bibiche ndiye aliyesema maneno yaliyosambaa kambi nzima: kwamba mara hii Mgeni anaonekana sana, na kitu ukikiona kila dakika, si mgeni tena.

Baada ya hapo sali ikawa tupu mwezi mzima.

Jioni hii ilikuwa imejaa.

Mauwa alisikia kabla hajafika. Vijana walipanga mstari mpaka nje kwa muuza mikate. Wawili walitoka wakiwa wameshikana mikono kama watoto, mmoja amejikojolea, na bado alikuwa anasema ya pili inashinda ya kwanza, mbali sana. Hakuna aliyemcheka.

Mauwa alipita mstari. Aliwaambia waliokuwa ndani watoke, nao walimjua, wakatoka. Kalala alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Alikuwa amekonda. Alipomwona tu, alianza kulia, na Mauwa hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Alimwambia aseme.

Akasema. Alikwenda kwa mfumu mmoja, mganga wa upande wa Kabongo. Aliomba mchezo upendwe tu, basi. Mfumu akamuuliza watu wanasema umekosa nini. Woga, Kalala akajibu. Basi wale wanaosema hauna woga watauleta wa kwao, mfumu akasema, nitajie majina yao. Kalala akamsikilizisha zile sauti za kwenye simu.

Na majina yalikuwamo yote. Pale kambini watu wametoka kila pembe ya Kongo na majina yanafanana. Akina Bibiche peke yao walikuwa wanne. Kwa hiyo kila anayeongea kwenye kundi anaanza hivyo hivyo, tangu zamani: mimi fulani, mtoto wa mama fulani. *Minyi Bibiche, mutoto ya Mama Mauwa.* Ni adabu tu, ili watu wasichanganye. Mfumu hakuhitaji kitu kingine.

"Futa zile sauti."

"Nilifuta, mama. Haikubadilisha kitu."

Alikuwa amerudi kwa mfumu kuomba yaishe. Mfumu alimwambia ni mama aliyetajwa tu anayeweza kudai. Mama yake Kabedi alikufa. Wa Manassé yuko Mbandaka, na simu yake haiingii.

"Lakini haitoi bure," Kalala alisema, sasa kwa kunong'ona. "Mama Bibiche... haitoi bure."

"Leta ile ya kushika."

Alimpa manete, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Mauwa hakuwahi kuishika maishani mwake. Akakaa kwenye benchi, mbele ya televisheni, na Kalala akatoka nje akalifunga pazia.

Kwenye kioo kulikuwa na korido. Ukuta wa rangi ya maziwa yaliyoganda. Hakuna mtu.

Alisubiri.

Chumba kilianza kunuka udongo mbichi, kama kaburi lililochimbwa asubuhi. Ukuta ule ulivimba kidogo... ukarudi. Ukavimba tena. Ulikuwa unapumua.

Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

Mauwa aliijua ile sauti. Bibiche alilia hivyo alipokuwa na miaka sita, usiku ule wa risasi, wamelala wote chini ya kitanda na yeye Mauwa amemziba mdomo kwa kiganja. Kilio cha mtu anayejizuia. Alidhani ameshakisahau.

Aliweka manete chini. Vidole vyake havikujua kazi yake.

"Minyi Mauwa," alisema. "Mama ya Bibiche. Nirudishie woga ya mutoto."

Kilio kikakatika.

Kisha spika ikajibu. Taratibu, na kwa sauti yake mwenyewe Mauwa.

"Leta."

Aliufikiria woga wake. Miaka ishirini ya kuwa mke wa askari. Kila lori lililorudi kutoka Malemba-Nkulu alikuwa amelihesabu, kichwa kimoja kimoja, mpaka amwone Likoke, mumewe. Kila homa ya mtoto. Kila mlango uliochelewa kufunguliwa. Ulikuwa mzigo mzito, na yeye alikuwa amechoka.

"Kamata," alisema.

Hakuna kilichomshika. Kioo kilizima, basi, kikawaka tena. Alisimama, akafungua pazia, akapita katikati ya vijana akaenda nyumbani. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mbwa wa ghala alimkimbilia akibweka na yeye akaendelea kutembea, mpaka mbwa mwenyewe akakaa chini.

Bibiche alikuwa kwenye kona ya jiko, amekumbatia mkono wake, anatetemeka na kulia kwa sauti. Jeannine alisema ameanza ghafla. Alipomwona mama yake alimrukia shingoni.

"Mama, mukono yangu. Niliweka kwa mafuta, mama."

"Najua. Itapona."

Mauwa alisonga bukari, ule ugali wao. Likoke alirudi kutoka zamu, akavua buti, akauliza kuna nini, akaambiwa mtoto ameungua. Chakula kikatengwa: bukari, sombe, samaki. Jeannine alipitisha kichwa juu ya uzio kabla hajaanza kula kwake. Alisema waliotoka kwa Kalala sasa hivi wanasimulia jambo jipya. Nyuma ya ukuta kuna mama anahesabu watu wake. Anahesabu, anakosa mmoja, anaanza upya. Kijana mmoja amezimia.

Mauwa alimshukuru kwa kukaa na mtoto.

Bolingo, mtoto wao mdogo wa miaka miwili, alitia kipande cha samaki mdomoni. Akakohoa. Akakohoa tena, halafu hakukohoa. Midomo yake ikabadilika rangi.

Mauwa alimwona. Alijua ni mwiba, alijua na la kufanya, alishawahi kulifanya. Alikuwa na tonge mkononi. Alilimalizia.

Ni Bibiche aliyeruka, akapindua bakuli, akamwinamisha mtoto, akatia kidole cha mkono mzima mpaka kooni. Mwiba ukatoka na damu kidogo. Bolingo akalia. Bibiche akalia. Likoke alikuwa amesimama, hajui ashike wapi.

Kisha wote wawili wakamwangalia Mauwa.

"Mama Bibiche," Likoke alisema polepole. "Weye uko?"

"Miko," alisema.

Akaokota bakuli, akalipangusa, akapakua upya. Akawatazama kwenye mwanga wa taa, mmoja mmoja. Likoke. Bibiche. Bolingo. Yeye mwenyewe. Wanne. Wote wapo.

Akawaambia wale, chakula kinapoa.