Punje ya Tano Ndani ya Soksi

Celestine alitia punje nne za maharagwe ndani ya soksi. Alipozimwaga mezani, zilitoka tano.

Alidhani ameona vibaya. Mvua ya alasiri ilikuwa inanyesha Gesima na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye michai nyuma ya jiko. Akazisogeza dirishani kwa kidole. Nyekundu ilikuwa yake. Nyeusi ilikuwa ya kaka yake, Ombui. Ya madoadoa ilikuwa ya nyanya yao, Eucabeth, ambaye wote walimwita Magokoro. Ya manjano ilikuwa ya Jacinta, mke wa Ombui. Ya tano ilikuwa nyeupe, na ilikuwa imelowa.

Ilikuwa kazi ya nyumbani tu. Mwalimu Nyamongo, anayefundisha takwimu katika chuo kimoja mjini Nyamira, aliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza zoezi la uwezekano. Kila mtu wa nyumbani apewe punje yake. Toa moja bila kuangalia, andika rangi, irudishe, tikisa, toa tena. Ukirudia mara nyingi, alisema, kila rangi itapata zamu zinazokaribiana na za wenzake. Zisipokaribiana, kuna mtu anayechezea mfuko wako.

Celestine alimjua mtu wa kuchezea mfuko.

"Ombui! Umetia nini kwa soksi yangu?"

"Mguu," Ombui alijibu kutoka barazani, akivua gambuti. "Soksi hutiwa nini kingine?"

"Sina mchezo. Kuna punje nyeupe hapa."

"Cele, nimetoka kituo cha majani chai saa hii. Hata chai sijanywa. Hizo hesabu zimekupanda kichwani."

Aliingia, akaiokota ile punje, akainusa. Alikunja pua na kupangusa vidole kwenye suruali. Kisha akamtazama Jacinta, aliyekuwa akimenya ndizi huku miguu yake ameiinua kwenye kigoda. Mimba yake ilikuwa imefika mwezi wa mwisho. Ombui akatabasamu.

"Basi hii ni ya mtoto wangu. Mbona ulimwacha? Kwani yeye si mtu wa hii nyumba?"

"Ile picha ya tumbo tuliyopigwa Kisii ilionyesha mtoto mmoja," Jacinta alisema akicheka. "Mtilie yake moja, wifi, asije akazaliwa na kinyongo."

Celestine naye alicheka. Akairudisha nyeupe soksini pamoja na zile nne, akatikisa, akatoa.

Nyeupe.

Akairudisha, akatoa tena. Nyeupe. Akabadilisha mkono. Nyeupe. Akampa Jacinta soksi. Nyeupe. Akamtoa Ombui nje na kufunga mlango, maana bado alimshuku, akaipindua soksi ndani nje, akaikausha ile punje kwa kanga isije ikawa unyevu ndio unaoivuta vidoleni. Nyeupe. Kikokotoo cha simu kilimwambia kwamba jambo hilo linawezekana, ila namba iliyotokea ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilianza na msururu wa sufuri.

Mwishowe aliitoa kabisa. Aliiweka mezani, akaifunika kwa kikombe cha bati, akakiegemeza kiganja cha kushoto juu yake. Soksini zilibaki nne. Akatumbukiza mkono wa kulia, akachagua kwa utulivu, na alipoufungua mkono na kuona kilichomo alikiinua kikombe polepole, akitumaini bado kwamba kuna hila ambayo kaka yake angeieleza wakati wa chakula na wote wacheke, lakini chini ya kikombe hapakuwa na kitu ila duara la maji, na kutoka kwenye duara hilo ilipanda harufu ya jivu lililomwagiwa maji.

Kitu kiliviringika darini, kidogo na kigumu, kikavuka mbao kutoka ukuta hadi ukuta. Kikasimama juu ya kiti cha Jacinta.

"Wifi," Jacinta alinong'ona. Kisu kilikuwa kimemtoka mkononi. "Mtoto ameacha kucheza."

Magokoro alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mwanamke huyo hakuwahi kuhesabu watu wa mji wake. Hata akipakua ugali alitazama nyuso, na aliyekosekana alimjua kwa pengo lake.

"Nani amehesabu watu?" aliuliza.

"Ni kazi ya chuo, Magokoro."

"Sikuuliza ni kazi ya nani." Sauti yake ilishuka. "Watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, kuna kisicho mtu kinachosikiliza, nacho hujipanga mwishoni mwa mstari. Mwenye akili hukiambia: toka, wewe si wetu. Nyinyi mlikiambia nini?"

Ombui alikuwa amerudi ndani. Aliinamisha kichwa.

"Mlikiambia nini?"

"Nilisema ni mtoto wangu," alijibu.

Magokoro aliketi chini, papo hapo mlangoni.

Ilikuwa nyumba ya Wasabato, lakini hakuna aliyebisha Ombui alipowasha pikipiki kwenda Nyamira kumleta Mzee Salat. Mzee huyo aliuza vitambaa sokoni na alijua kusoma Kurani ya kufukuza majini. Watu wa kanisa walimwendea bila kuambiana. Alifika kabla giza halijaingia, akavua viatu, akavuta pumzi.

"Jini limo," alisema. "Na mlilikaribisha wenyewe. Aliyelipatia nafasi ndiye wa kulinyang'anya. Kijana, sema."

"Huyo si mtoto wangu," Ombui alisema, meno yakigongana. "Sina mtoto soksini. Wangu yuko kwa mamake."

Waliwasha kuni uani, chini ya kipande cha bati. Mzee Salat aliifunga soksi pamoja na punje zote, akaitupa motoni, akaanza kusoma, na jinsi alivyoendelea kusoma ndivyo moshi ulivyoacha kupanda ukaanza kutambaa, ukavuka ua kuelekea mlangoni ambako Jacinta alikuwa ameshikwa mabega na Magokoro, ukamzunguka miguu, ukasita hapo kama mgeni anayesikiliza kama ataombwa abaki, hadi mzee alipopaza sauti na upepo kutoka mashambani ukaubeba.

Jacinta alipiga kelele, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. "Amecheza! Amenipiga teke!"

"Sifa kwa Mungu," alisema Mzee Salat. "Msihesabu tena. Chochote."

Celestine alisubiri moto upoe. Alilipekua jivu kwa kijiti, bila kutaja namba, ila macho hayakatazwi. Punje nne zilikuwa zimepasuka kwa moto. Ya tano hakuiona.

"Imeungua kabisa," Ombui alisema.

Celestine aliendelea kupekua.

Jacinta alijifungua Kisii. Ombui alipiga simu asubuhi, maneno yakimkwama kwa furaha.

"Cele, ni wawili! Wavulana!"

"Picha ilionyesha mmoja."

"Mashine hukosea bwana! Wewe njoo."

Alikwenda. Wodi ilikuwa imejaa jua na wageni wenye chupa za uji. Jacinta alikuwa ameegemea mto, akimnyonyesha mtoto mmoja. Wa pili alilala kando yake ndani ya blanketi. Walifanana hata kwa kidevu.

"Shangazi, mbona umesimama kama askari wa zamu?" muuguzi alimtania. "Mshike mmoja!"

Wawili. Nusu kwa nusu. Celestine aliinama, akamwinua aliyekuwa karibu, akaizamisha pua shingoni mwake na kuvuta pumzi. Maziwa. Mafuta ya mtoto. Kitoto kilipiga chafya, kikalia kwa hasira, naye akakikumbatia kwa nguvu, kwa shukrani.

Kisha akakumbuka kwamba safari hii ilikuwa kama soksi yenye punje mbili tu, na kwamba ukishatoa moja ukaijua, ya pili huhitaji kuitoa.

Aliinua macho. Mbele ya gauni la Jacinta, pale mtoto aliponyonya, doa la kijivu lilikuwa linatambaa.

"Huyu tangu azaliwe hajalia hata mara moja, wifi," Jacinta alisema, macho ameyafumba kwa raha. "Ila kunyonya! Haachi."